Mgeni wa Varvara

Bibi Nedelya alipoinuka kwenye kiti chake cha safu ya pili, watu walidhani anakwenda msalani, wakampisha magoti. Lakini hakwenda msalani. Alikwenda mbele, akapanda ngazi za jukwaa huku ameshika kiuno, akavuka sakafu ya mbao mpaka kwenye meza ya Varvara, akavuta kiti, akakaa.

"Heri ya siku ya jina, mwanangu," alisema. "Uishi miaka mingi."

Ukumbi mzima wa jumba la utamaduni la Kalinitsa ulinyoosha shingo kutazama. Kwetu kila mtu anajua siku ya jina huwa vipi: mtu haalikwi. Mtakatifu unayeitwa kwa jina lake akifika kwenye kalenda, unapika, unaacha mlango bila komeo, na watu wanakuja wenyewe, jirani, shemeji, hata yule mliyegombania naye mpaka wa shamba. Varvara wa kwenye mchezo alikuwa mpokea simu wa posta. Karani mmoja alimwahidi ndoa, kisha akaenda kuoa kwingine. Kila mwaka Varvara aliandaa meza ya siku ya jina lake, na kila mwaka hakuja mtu. Katika sehemu ya tatu anakaa mbele ya sahani zake mpaka taa inaishiwa mafuta, halafu anavaa koti lake zuri na kwenda kujilaza kwenye theluji. Ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Haukuandikwa kwamba ataingia bibi mzee na mfuko wa plastiki.

Bibi Nedelya akaufungua mfuko, akatoa kipande cha mkate wa malenge alichokuja nacho ili ale wakati wa mapumziko, akakiweka mbele ya Varvara.

"Kula. Tazama ulivyokonda. Haya ya kwako," akagonga kwa kidole mkate wa jukwaani, uliotengenezwa kwa plasta na kupakwa rangi, "hayajaiva."

Hapo ndipo watu walipovunjika mbavu. Kuna waliopiga miluzi. Kuna aliyepaza sauti kutoka nyuma, "Bibi, tubakizie na sisi!"

Aliyeigiza Varvara alikuwa Minka, mke wa Rangel, na Rangel ni mtoto wa pekee wa Bibi Nedelya. Yaani huyo aliyeitwa mwanangu mbele ya mji mzima ni mkwe wa huyo bibi, anayekaa naye nyumba moja na jiko moja tangu alipoolewa. Na tangu alipoolewa hajaitwa mwanangu hata siku moja. Anaitwa "wewe". Akiwa hayupo anaitwa "huyo".

"Mama, shuka," Minka alinong'ona chini ya nywele zake za bandia zenye mvi.

"Nishuke niende wapi, nawe umekaa peke yako?"

"Mama, ni mimi. Minka."

"Najua ni wewe, sijawa kipofu. Mimi sikuja kwa Minka. Nimekuja kwa Varvara."

Mwalimu Vitomir, aliyefundisha jiografia mpaka alipostaafu na sasa anaongoza michezo ya kuigiza, alifunga pazia kwa mikono yake mwenyewe.

*

Bi Teofana, aliyetumwa na tamasha la mkoa kuchagua mchezo mmoja kutoka miji yetu midogo, alikuwa tayari amevaa glavu.

"Niliambiwa nakuja kutazama tanzia," alisema. "Nimetazama vichekesho."

"Ni yule bibi tu," mwalimu Vitomir alisema. "Ni ajali. Ni kama umeme kukatika."

"Umeme ukikatika watazamaji hawacheki."

Mwalimu akamsindikiza mpaka mlangoni huku akimbembeleza kwa namna ambayo mtu wa umri wake hapaswi kubembeleza. Mwisho Bi Teofana akaguna. Ijumaa inayofuata angepitia Kalinitsa tena akirudi mkoani. Mkiumaliza mchezo bila mtu kupanda jukwaani, alisema, tutazungumza. Akipanda mtu, hata paka, basi.

"Lakini yule mwanamke wenu anajua kukaa," aliongeza. "Wengi wanajua kulia na kuanguka. Kukaa tu kitini, watu wakakutazama, ni wachache wanaoweza."

Minka aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia, na ule mkate wa plasta mkononi. Mchana kutwa kiwandani anashona vidole vya soksi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anajua jambo lolote. Tangu dakika ile hakutaka kitu kingine duniani ila kwenda kwenye jukwaa kubwa la mkoa, akae pale kama Varvara, mara moja, aone kama ni kweli.

*

Siku zilizofuata zilikuwa kero tupu. Kiwandani wenzake walimpokea asubuhi kwa "Heri ya siku ya jina!" na kumsogezea vipande vya mkate. Kule kwenye kiwanda cha mbao, Rangel aliulizwa kama mama yake anakwenda pia kwenye harusi za televisheni.

"Jumapili kuna filamu, mtu anakufa njaa jangwani," msimamizi wake alimwambia. "Mwambie mama abebe supu."

Rangel alicheka nao, maana asingecheka wangemtafuna zaidi. Halafu alirudi nyumbani akanuna. Hakumnunia mama yake. Alimnunia mkewe.

"Usingejitia kuigiza, haya yote yasingetokea."

"Ni mimi niliyepanda jukwaani na malenge?"

"Ni wewe uliyemliza mama."

Halafu boila ya maji ya moto ikaharibika. Fundi umeme wa mtaa wetu ni Ognyan, mtu mnene mwenye masihara, na kwa bahati mbaya ndiye aliyeigiza yule karani wa ahadi ya ndoa. Alikuja na mkoba wake wa vifaa. Bibi Nedelya alimkuta langoni, akauweka ufagio katikati.

"Hapa hupiti."

"Bibi, nimeitwa kwa ajili ya boila."

"Ulimwahidi yule msichana ndoa."

"Ule ni mchezo, bibi. Mimi nina mke. Unamjua, Stanka, mlikuwa mnauza pilipili pamoja sokoni."

"Ndiyo ninayosema. Umeahidi mmoja, umeoa mwingine."

Ognyan alimtazama Rangel, aliyekuwa amesimama barazani. Rangel alitazama mbingu. Fundi akauchukua mkoba wake akaenda zake, na jioni ile akaisimulia baa nzima, hivi kwamba kesho yake wanaume wa Kalinitsa walikuwa wakiulizana mitaani nani kamwahidi nani.

Kwa hiyo nyumba ikawa haina maji ya moto. Rangel alinyoa kwa maji ya baridi akitukana. Minka akitoka kazini alichemsha sufuria kubwa jikoni na kuipandisha ghorofani ili mama mkwe aoge, maana bibi akioga maji baridi mifupa inamuuma. Kisha alishuka kuchemsha nyingine.

Na bibi wakati huo yuko wapi? Kwenye benchi mbele ya lango, pamoja na majirani wawili, anamlilia Varvara.

"Mwanamke mpole vile," alisema akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Anafanya kazi mchana kutwa. Akirudi, hakuna wa kumwambia hata pole. Hakuna wa kumuuliza, je, umekula? Mimi usiku silali nikimfikiria."

Minka akapita nyuma yao na sufuria, mvuke umemjaa usoni.

"Wewe," bibi alimwita bila kugeuka. "Ya jana yalikuwa yamepoa."

Hapa ndipo mtu anapotamani kumshika yule bibi mabega na kumtikisa. Lakini hao majirani wawili walitikisa vichwa kwa huzuni, wakasema kweli, maskini Varvara, na mmoja wao akatoa leso.

*

Jumatatu Minka alirudi akiwa ameamua. Bibi Nedelya alikuwa jikoni akimenya viazi, Rangel nyuma ya gazeti.

"Mama, Ijumaa utabaki nyumbani."

"Nitakwenda. Kule kuna joto. Hapa boila imekufa."

"Imekufa kwa sababu umemfukuza fundi."

"Yule si fundi, ni mwongo."

"Tumfungie ndani," Rangel alisema kutoka nyuma ya gazeti.

"Mama yako si kuku, Rangel." Minka akavuta kiti, akakaa mbele ya mama mkwe. Hilo lenyewe lilikuwa jambo geni. Jikoni mle Minka hukaa akila tu, na hata hapo nusu kiti. "Basi njoo. Lakini usinyanyuke."

"Nitakaaje?" Bibi Nedelya aliuliza, na aliuliza kwa dhati. "Mtu ameandaa meza. Ni siku ya jina lake. Mlango haugongwi. Nanyi mmekaa hapo kwenye viti, mji mzima, mnamtazama tu afe. Mimi sikulelewa hivyo."

Kusema kweli, hakuna hata mmoja wetu ambaye mpaka leo amelijibu hilo sawasawa.

"Mama," Minka alisema. "Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Ni ya mtakatifu gani?"

Bibi alikodolea macho kalenda ya ukutani, ile ya kuchana kila siku karatasi moja. "Mina," alisoma. Akamtazama mkwewe, ambaye jina lake limetoka kwa mtakatifu huyo. Kisu kikasimama juu ya kiazi.

Gazeti nalo lilishuka kidogo.

"Mbona hukuandaa?" bibi aliuliza.

"Nimeingia sasa hivi kutoka kazini."

"Basi watu wangekujaje? Varvara aliandaa. Wewe meza yako iko wapi?"

"Nilikuwa naandaa, mama. Miaka ya kwanza. Ulisema Mina ni mtakatifu mdogo, tusiwazoeshe majirani kula bure."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Bibi alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, uso wake ulionyesha anapekua kila kona. "Basi nilikuwa na sababu," alisema, akarudi kwenye kiazi chake.

"Heri ya siku ya jina, basi," Rangel alisema.

"Asante."

Gazeti likapanda tena. Minka alikaa akitazama maganda ya viazi yakianguka kwenye beseni. Angeweza kupasua sahani. Wanawake wengine wa mtaa wetu wangepasua, na sisi tungesikia, na tungesema ana haki. Yeye alivuta pumzi tu.

"Mama, sijawahi kukuomba kitu. Sasa naomba. Ijumaa niache nife vizuri. Ukipanda tena, hakuna tamasha, hakuna chochote. Nitabaki na soksi mpaka niingie kaburini."

"Wewe hufi. Anayekufa ni Varvara."

"Basi mwache Varvara afe."

Bibi Nedelya akafanya ishara ya msalaba. Alimtazama Minka kana kwamba ameona kitu kibaya kikitoka mdomoni mwake. "Una roho ngumu," alisema polepole. "Sikujua una roho ngumu hivyo. Unamwigiza, unavaa nguo zake, na humhurumii."

Minka akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kisicho na furaha, na Rangel alilishusha gazeti mara ya pili kuona kimetoka kwa nani.

"Apa," Minka alisema. "Mbele ya picha ya mtakatifu. Apa kwamba hutanyanyuka."

Walivutana mpaka viazi vikaiva. Rangel, kwa sababu alikuwa na njaa, mwishowe akachukua upande wa mkewe: akasema msimamizi wake ameapa mchezo ukiharibika tena atamwita Malenge mpaka astaafu. Hilo ndilo lililomgusa mama. Alijifuta mikono, akasimama mbele ya picha pembeni mwa jiko, akainua vidole.

"Sitanyanyuka mpaka pazia lifungwe. Lakini ujue mmenilazimisha dhambi, na siku ya hukumu nitawataja kwa majina."

*

Ijumaa ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama ukutani, na tusidanganyane, nusu yao walikuja kumtazama bibi, si mchezo. Vijana wa kiwanda cha mbao waliwekeana dau la bia. Bi Teofana alikaa pembeni na koti lake la manyoya mabegani. Bibi Nedelya aliingia na shali yake ya kanisani, mikono mitupu, mwanawe amemshika kiwiko kama askari aliyeshika mahabusu.

Sehemu ya kwanza ikapita. Ognyan alipoingia kutoa ahadi yake, bibi alisema "Tazameni huyu" kwa sauti ya kusikika, lakini hakunyanyuka. Ya pili ikapita. Ya tatu Minka akatandika kitambaa cha meza, akapanga sahani, akalegeza komeo la mlango wa mbao uliochorwa, akakaa.

Varvara anatazama mlango mara tatu. Mara ya kwanza, mtu wa nyuma akakohoa kwa makusudi na wengine wakachekea viganjani. Minka alisikia kiti cha safu ya pili kikilia. Usije, alisema ndani yake. Mama, umeapa, usije. Kiti kikalia tena, kisha kikanyamaza. Bibi Nedelya alikuwa ameikaza mikono yake kwenye mbao za kiti, macho ameyafumba, anasali.

Mara ya pili, hakuna aliyekohoa. Kulikuwa kimya, kimya kile alichokiomba jikoni, na Minka amekaa katikati yake na sahani tupu. Na hapo, mambo yote yakienda kama alivyotaka, aligundua kwamba anasikiliza hatua. Masikio yake yalikuwa kwenye zile ngazi za jukwaa. Alikuwa anangoja bibi mzee apande, aburute kiti, amwambie amekonda. Alijikasirikia. Alitaka kujipiga kofi mbele za watu. Lakini masikio hayakumtii, na ngazi hazikulia, na hakuna aliyekuja.

Mara ya tatu alipotazama mlango, Bi Teofana alilivuta koti lake mwilini. Baadaye aliwaambia watu hajapata kuona mlango ukitazamwa namna ile.

Kisha Varvara akavaa koti lake zuri, akatoka, akajilaza kwenye theluji ya chumvi na pamba. Pazia likafungwa. Watu wakakaa hivyo hivyo, mpaka mmoja wa wale vijana wa dau akaanza kupiga makofi huku kamasi zinamtoka, ndipo ukumbi mzima ukasimama. Hata Rangel alisimama. Bibi Nedelya peke yake hakupiga makofi.

*

"Mnakwenda mkoani," Bi Teofana alisema, akiushika mkono wa Minka kwa mikono yake miwili. "Na ule mlango usiubadilishe. Utazame vile vile."

Mwalimu Vitomir alilia waziwazi, akambusu kila mtu, mpaka aliyekuwa anazima taa. Kisha wote wakaenda ukumbi wa mbele kunywa divai, na sauti zao zikasikika kwa mbali, Ognyan akiigiza jinsi alivyofukuzwa langoni. Minka alisema atawafuata. Alikuwa amepata alichokitaka, chote. Akarudi kukaa kwenye meza ya Varvara, nyuma ya pazia lililofungwa. Akainua mkono kuchomoa pini za zile nywele za bandia.

Pazia likatikisika. Mtu alikuwa anatafuta mahali pa kupitia, anapapasa, analalamika chini kwa chini. Bibi Nedelya akatokeza, shali imekwenda upande.

"Limefungwa?" aliuliza.

"Limefungwa."

"Basi kiapo kimekwisha." Akaja mezani, akavuta kiti, akakaa kwa uzito. Alihema kidogo kwanza. "Uniwie radhi nimechelewa. Walinizuia. Nimekuja mikono mitupu, nayo ni aibu kubwa, uniwie radhi kwa hilo pia. Heri ya siku ya jina, Varvara."

Mkono wa Minka ulikuwa bado kwenye pini. Alijua vizuri sana nini kingetokea akizivua zile nywele. Angeambiwa sufuria imeachwa jikoni na ni nani ataichemsha, na kwa nini amechelewa hivi na watu wana njaa. Bibi Nedelya, ambaye hajawahi kumwomba radhi mtu wa nyumba yake, alikuwa akimtazama kwa macho mekundu ya kulia, anangoja kukaribishwa.

Minka akaushusha mkono.

"Asante," alisema. "Karibu."

"Umekula?"

"Bado."

"Umechoka."

"Nimechoka sana."

"Pole, mwanangu." Bibi akauchukua mkono wake, ule wenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano za kiwandani, akaanza kuusugua taratibu katikati ya viganja vyake. "Mikono ya baridi hii. Huna watu wewe. Maskini, huna watu kabisa."

Minka alikaa sawasawa, shingo imenyooka, akiogopa hata pini moja isianguke, na machozi yakamshuka na kuharibu rangi ya usoni.

Rangel akachungulia kwenye pazia, glasi mkononi. "Minka, vua hayo madude twende. Na mama sijui amepotelea wapi." Akamwona. "Ah, yuko hapa. Twendeni basi, watu wanatungoja."

"Tangulia," Minka alisema bila kugeuza kichwa. "Nina mgeni."